Mlonge na Maji ya Mto Naili

Tunaposoma historia ya usafishaji wa maji, majina yanayotajwa kwanza huwa ya wahandisi. Lakini katika vijiji vya kandokando ya Mto Naili, nchini Sudan, kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Msimu wa mafuriko, mto ulipojaa tope, walitwanga mbegu za mlonge, wakazikoroga katika maji ya mtungi, kisha wakayaacha yatuame. Mti wenyewe waliuita *shagara al rauwaq*, yaani mti wa kusafisha. Mtafiti Samia Al Azharia Jahn alizichunguza mbinu hizo, na mwaka 1981 akazitolea kitabu.

Maabara zimeeleza sababu yake. Protini ya mbegu hizo ina chaji chanya, hivyo hunasa chembe za udongo na bakteria, ambavyo vina chaji hasi, vikazama pamoja. Bakteria huweza kupungua kwa asilimia 90 hadi 99, ila wanaosalia huzaliana tena maji yakikaa. Kwa hiyo hata yakiwa maangavu, yachemshwe.

Historia ya ugunduzi huu basi ianzie mtungini, kwa wanawake hao, ndipo ifike maabara.