Mali Bila Daftari: Funzo Kutoka kwa Watunza Orodha ya Nyota

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuitumia methali hii kwa duka na hazina ya serikali. Leo naipeleka angani.

Mwaka 1967, huko Cambridge, mwanafunzi wa uzamivu Jocelyn Bell aligundua ishara ya redio iliyojirudia kila baada ya sekunde 1.337. Ilikuwa pulsa ya kwanza kujulikana: mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka, yanayozunguka kwa kasi na kumulika kama mnara wa taa baharini. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 ikaenda kwa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Bell hakupewa.

Dhuluma hiyo huwa naieleza darasani. Lakini ipo kazi nyingine iliyosahauliwa zaidi: kutunza orodha. Mwaka 1981 Richard Manchester na Joseph Taylor walichapisha orodha ya pulsa 330. Mwaka 1993 wao na Andrew Lyne wakatoa nyingine, yenye pulsa 558. Mwaka huohuo Taylor alipata Nobel pamoja na Russell Hulse, lakini kwa ugunduzi wao wa 1974, si kwa orodha. Mwaka 2005 Manchester na wenzake nchini Australia walieleza orodha mpya yenye pulsa 1,509, iliyo wazi kwa yeyote mwenye intaneti, bila malipo. Leo zimezidi 3,000.

Kazi yenyewe ni ya karani. Kila kipimo huandikwa pamoja na kiwango cha shaka yake na jina la chapisho kilikotoka. Kipimo bora kikipatikana, orodha husahihishwa. Pulsa ya Bell ina majina mawili, B1919+21 na J1921+2153, kwa sababu mhimili wa dunia huyumba polepole, na mahali pa nyota pakikokotolewa kwa mwaka 1950 hapalingani na pa mwaka 2000. Pasipo karani makini, nyota moja ingehesabiwa mbili. Msomaji anayekumbuka habari za watumishi hewa atanielewa.

Hoja yangu ni hii: taifa hujengwa na watunza daftari kama linavyojengwa na wavumbuzi. Masijala ya ardhi, rejesta ya vizazi na vifo, takwimu za mavuno: zote zahitaji mtu wa kuzisahihisha mwaka baada ya mwaka, akionyesha kila tarakimu imetoka wapi. Hata hivyo, bajeti zetu hupenda uzinduzi kuliko utunzaji. Tunakata utepe, tunapiga picha, kisha tunamwacha karani bila karatasi wala warithi wa ujuzi wake.

Wanaanga wanaoitumia orodha ya Australia huombwa kuitaja katika makala zao. Ni shukrani ndogo, lakini inamtambua aliyeitunza. Je, wewe uliye ofisini, nani anatunza daftari lako, na lini mara ya mwisho ulimtaja?