Kitabu cha Makumbusho Si Pambo, Ni Ushahidi

Kuna aina ya kitabu ambayo rika letu haliigusi kabisa. Kile cha makumbusho: kizito kama tofali, karatasi inang'aa, picha ya kigae kilichovunjika, na chini yake mistari kumi ya vipimo, mwaka, mahali kilipochimbuliwa na namba ya rekodi. Ukikutana nacho mtandaoni, unaskroli tu. Mimi chuo niliacha, kwa hivyo hakuna lekchara ananilazimisha kusoma hizi vitu. Nasoma kwa hiari yangu. Na leo nataka nikuonyeshe kwa nini zina maana, nikitumia nchi ambayo pengine unaijua kwa sababu ya basketboli tu: Lithuania.

Hoja yangu ni moja. Nchi ikishaporwa, ikabomolewa, na lugha yake ikapigwa marufuku, orodha iliyochapishwa ndiyo inaweza kusema "hii ilikuwepo" wakati kitu chenyewe hakipo.

Tuanze mwaka 1855. Lithuania ilikuwa chini ya Urusi tangu 1795. Mwanaakiolojia mmoja kabaila, Eustachy Tyszkiewicz, akaanzisha Makumbusho ya Mambo ya Kale mjini Vilnius, akaanza na mkusanyiko wake mwenyewe. Pamoja nayo kulikuwa na tume ya akiolojia, watu waliokusanya vitu, wakavichunguza na kuchapisha kazi zao. Mwaka 1863 watu wakaasi dhidi ya mfalme wa Urusi, uasi ukazimwa kwa damu. Unadhani serikali iligusa nini baadaye? Makumbusho! Mwaka 1865 tume ikavunjwa, na vitu vingi vikabebwa hadi Moscow. Sasa jiulize: vyungu na sanamu za zamani zinamtishaje mtu mwenye jeshi? Zinamtisha kwa sababu zinasema mlikuwa watu kabla yake.

Halafu ikaja kali zaidi. Kuanzia 1864 hadi 1904, miaka 40, ilikuwa haramu kuchapisha Kilithuania kwa herufi za Kilatini. Ukitaka kuandika lugha yako, tumia herufi za Kirusi. Watu wakakataa. Vitabu vikachapishwa ng'ambo ya mpaka, Prussia ya Mashariki, kisha wanaume na wanawake wakavivusha usiku wamevificha kwenye magunia na chini ya nguo. Waliitwa knygnešiai, yaani wabeba vitabu. Ukishikwa ungeweza kupelekwa Siberia, na wengine walipigwa risasi palepale mpakani. Maarufu kati yao ni Jurgis Bielinis, na siku yake ya kuzaliwa, tarehe 16 Machi, ndiyo Lithuania huadhimisha kama siku ya wabeba vitabu.

Ukishajua hayo, utaelewa kwa nini makumbusho ya Vilnius leo huchapisha vitabu kama watu wanaodaiwa. Chukua Kasri ya Watawala Wakuu. Hilo jumba lilibomolewa karibu na mwaka 1800, mara tu baada ya Urusi kuchukua nchi. Lililoko leo lilianza kujengwa upya mwaka 2002, na makumbusho yake yakafungua milango 2013. Wakosoaji walipiga kelele sana: eti ni feki, ni historia ya kutengenezwa kwa simiti. Ni swali halali. Jibu lake halipatikani kwenye hotuba ya mwanasiasa. Linapatikana kwenye ripoti za uchimbaji na katalogi: msingi huu ndio ule wa zamani, vigae hivi vya majiko ya kupashia nyumba joto vilitoka ardhini papa hapa. Ukishajua cha zamani ni kipi, unaweza kubishana na wajenzi kuhusu kilichoongezwa. Bila hizo kurasa, unabaki kuchagua nani umwamini kwa sura.

Mfano ninaoupenda zaidi ni huu. Mwaka 1931 mto ulifurika Vilnius, na wakati wa kukarabati kanisa kuu, makaburi ya kifalme yakapatikana chini yake: la Alexander, aliyetawala Lithuania na Poland na kufa 1506, na ya malkia wawili, Elisabeth wa Austria na Barbara Radziwiłł. Walikuwa wamezikwa na mataji. Vitu vikapigwa picha na kuandikwa. Vita vilipoanza 1939, vikafichwa, na waliojua mahali wakaondoka na siri yao. Desemba 2024 vikapatikana ndani ya ukuta, hapohapo chini ya kanisa, vimefungwa kwa magazeti ya Septemba 1939. Miaka 85, manze! Na watu walijua wanatafuta nini kwa sababu rekodi na picha za miaka ya 1930 zilikuwepo. Kitu ambacho hakikuandikwa, hata kikipotea hakuna anayegundua.

Lakini tusidanganyane, orodha pia inaweza kuwaacha watu nje. Dola ya zamani ya Lithuania ilifunika Belarus ya leo na sehemu kubwa ya Ukraine, na sheria zake kuu za 1529, 1566 na 1588 ziliandikwa kwa lugha ya Kislavi, si Kilithuania. Vilnius yenyewe ulikuwa mji mkubwa wa usomi wa Kiyahudi. Wanazi, wakisaidiwa na baadhi ya Walithuania, waliua zaidi ya asilimia 90 ya Wayahudi wa nchi hiyo. Wasomi wa Kiyahudi waliolazimishwa kuchambua vitabu vyao ili vipelekwe Ujerumani au viharibiwe, walikuwa wakivificha mwilini na kuviingiza geto, wakijua wakishikwa ni kifo. Baada ya vita, chini ya utawala wa Kisovieti, Mlithuania aitwaye Antanas Ulpis akaficha maelfu ya karatasi za Kiyahudi ndani ya kanisa lililokuwa ghala la vitabu. Kwa hivyo ukifungua katalogi ya "urithi wa Lithuania", uliza: hawa wamo? Wanaitwaje? Kitabu kizuri cha makumbusho kinakupa nafasi ya kuuliza hivyo, kwa sababu kila kitu kina jina, tarehe na kilikotoka.

Sisi tunaotengeneza video za historia za sekunde 60 tunapenda hadithi tamu. Sina shida na utamu. Shida ni pale hadithi haina namba ya rekodi popote, halafu inasambaa kuliko ukweli. Siku moja akija mtu mwenye nguvu kukwambia hujawahi kuwa na kitu, video haitakusaidia sana.

Kwa hivyo kabla hujaposti, tafuta ile katalogi ya kuchosha. Na pale nyumbani, chukua picha za zamani za shosho, muulize huyu ni nani, ilikuwa wapi, mwaka gani, uandike nyuma kwa penseli. Fanya hivyo akiwa bado anakumbuka.