Watoto wa Msumbiji katika Kisiwa cha Vijana

Kusini mwa Kuba, katika bahari ya Karibi, kiko kisiwa kilichovuma zamani kwa sababu ya jela yake. Humo ndimo alimofungwa Fidel Castro na wenzake baada ya kuishambulia kambi ya jeshi ya Moncada, Julai 26, 1953. Walifunguliwa mwaka 1955. Mwaka 1978 serikali ya mapinduzi ilikibadili jina kisiwa hicho, kutoka Isla de Pinos kuwa Isla de la Juventud, yaani Kisiwa cha Vijana. Wakati huo watoto wa Msumbiji walikuwa wamekwisha kuwasili.

Ndugu wasikilizaji, Msumbiji ilipopata uhuru Juni 25, 1975, zaidi ya watu tisa katika kila kumi walikuwa hawajui kusoma. Mreno alipoondoka, aliondoka na waalimu, mafundi na waganga. Lakini Frelimo, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilikuwa kimejifunza mapema kwamba bunduki peke yake haijengi taifa. Huku wapiganaji wake wakifunzwa Nachingwea, watoto walisomeshwa Bagamoyo. Kwa hiyo mwaka 1977, ambao Castro alizuru Tanzania na Msumbiji, Maputo na Havana zilipatana, na kundi la kwanza la wanafunzi likaenda Kuba. Waliwafuata Waangola, kisha, baada ya makaburu kuishambulia kambi ya Kassinga Mei 4, 1978 na kuua mamia ya wakimbizi, walipelekwa pia watoto wa Namibia.

Maisha ya kisiwani yalikuwa ya nidhamu. Shule za bweni zilijengwa katikati ya mashamba ya machungwa na mabalungi. Nusu ya siku ilikuwa ya darasani na nusu ya shambani. Waalimu wa Kuba walifundisha hesabu na sayansi kwa Kihispania. Lakini kila nchi ilikuwa na shule zake, na waalimu waliotoka nyumbani walifundisha historia na jiografia ya nchi yao.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Mreno naye alidai kumwelimisha Mwafrika. Ila sheria yake, iliyofutwa mwaka 1961 tu, ilimtaka Mwafrika aache lugha na desturi zake ndipo ahesabiwe kuwa mtu mstaarabu. Kisiwani mtoto hakutakiwa kujikana. Alijifunza Kihispania, akakitumia kuzungumza na Mnamibia, kama vile kuruta wa Bukoba na wa Mtwara wanavyoelewana kwa Kiswahili kambini, na bado akabaki Mmsumbiji.

Hata hivyo, gharama haikuwa ndogo. Mzazi alimtoa mtoto ambaye huenda asimwone kwa miaka mingi. Na huko nyuma vita vya Renamo, vilivyochochewa kwanza na walowezi wa Rhodesia na baadaye na makaburu, viliteketeza shule na zahanati. Mtoto alikuwa salama ng'ambo. Kijiji chake hakikuwa na usalama. Mkataba wa amani haukutiwa sahihi mpaka Oktoba 4, 1992, mjini Roma. Umoja wa Kisovyeti ulikuwa umevunjika mwaka 1991, Kuba ikaingia katika dhiki kubwa, na katika miaka hiyo ya tisini shule za kisiwani zikafungwa moja baada ya nyingine.

Majengo yalibaki matupu, lakini elimu haikubaki humo. Wengi wa watoto wale walirudi makwao wakiwa madaktari, wahandisi na waalimu.

Askari alindaye mpaka usiku wa manane hulinda pia kitu asichokiona: muda wa mtoto kusoma. Msumbiji ilipokosa amani ya kutosha nyumbani, ililazimika kuutafuta muda huo ng'ambo ya bahari. Heri nchi ambayo mtoto wake anausoma usiku huo huo, kwa taa ya nyumbani kwao.