Uvimbe, Tezi na Rovu: Historia ya Maneno ya Afya Wilayani Rungwe

Kiingereza kina neno moja fupi linalotumika kwa nundu ya mtoto aliyejigonga mlangoni, kwa kipele cha usoni, na kwa mwinuko uliojengwa barabarani ili kupunguza mwendo wa magari. Mfasiri mwenye haraka akilikuta huandika “uvimbe” na kuendelea na kazi yake. Kiswahili hakikuzoea kuridhika hivyo. Kilio chenye usaha ni jipu. Likisambaa chini ya ngozi ni tambazi. Chenye maji ni lengelenge, kilichokauka kwa kazi ya jembe ni sugu. Kinenani huota mtoki, mashavuni matubwitubwi, kooni mafindofindo. Vitenzi navyo vimegawana kazi: mguu huvimba, uso hufura, ngozi iliyoumwa na wadudu hututusika, na unga wa maandazi huumuka.

Katika wilaya ya Rungwe baadhi ya maneno haya yalipokewa kwa urahisi kwa kuwa kitu chenyewe kilikuwapo. Mkulima alilijua tuta la viazi vitamu kabla ya lami kufika. Barabara zilipowekewa miinuko, neno la shambani likahamia njiani bila kikao cha kamati yoyote. Nundu nayo ilikuwa ya ng’ombe wa kienyeji. (Mtoto wa Tukuyu aliyelelewa kwa ng’ombe wa kisasa wa maziwa, wasio na nundu, huenda akalijua neno hilo kwa kipaji chake mwenyewe kabla ya kulijua kwa mnyama.)

Maneno ya tiba yalikuwa na safari nyingine. Wamisionari wa Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walitumia Kinyakyusa katika kazi ya kanisa. Kiswahili kilipata nguvu zaidi kwa njia ya boma, ambalo Wajerumani waliliweka mahali walipopaita Neu-Langenburg, ndipo Tukuyu ya leo. Kisha kwa njia ya shule na zahanati. Kwa hiyo wengi walilipokea neno la ugonjwa kutoka kwenye karatasi au kinywani mwa mganga, wala si kwa mama zao. Neno la namna hiyo likiwa na maana mbili, msikilizaji hana pa kulipimia.

Ndivyo ilivyo kwa neno tezi. Mabaharia wa pwani walilijua pia kuwa ni upande wa nyuma wa chombo, na methali inasema kwamba ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maana hiyo haimtatizi mtu wa milimani. Tatizo ni kwamba tezi ni kiungo cha mwili, na papo hapo ni uvimbe wa kiungo hicho. Mama akiambiwa zahanati, “Una tezi la shingo,” ameambiwa nini? Kila binadamu analo.

Jambo hili si la kamusi peke yake. Nyanda za Juu Kusini, pamoja na mkoa wa Mbeya, zilikuwa miongoni mwa sehemu za Tanzania zilizosumbuliwa sana na upungufu wa iodini. Mvua kubwa huiondoa iodini ardhini, na Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Tezi la shingo likikosa iodini hutanuka likijitahidi kuinasa ile kidogo iliyopo. Kutanuka huko mara nyingi hakuumi. Hatari kubwa zaidi haionekani shingoni: mama mja mzito akikosa iodini, ubongo wa mtoto aliye tumboni huweza kudhurika asipone tena.

Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilishiriki katika mapambano hayo. Katika miaka ya 1980 vidonge vya mafuta yenye iodini viligawiwa katika wilaya zilizoathirika sana, na katika miaka ya 1990 ikasisitizwa chumvi iliyotiwa iodini. Hapo likaenea jina “madini joto”. Mnunuzi haoni joto lolote katika chumvi yake, na kwa maoni yangu jina hilo si la kupigiwa mfano. Lakini limeandikwa kwenye mifuko, limesomwa madukani, na limeshika. Istilahi hushika pale zinapotumika kila siku.

Rovu halikupata bahati hiyo. Neno hili limo katika kamusi zetu, ni la Kiswahili, nalo lina maana ya uvimbe huo wa shingoni. Hata hivyo matangazo na masomo ya afya yamelipita na kushika “tezi” au “goita”. Sasa ambapo “tezi dume” limekuwa neno la kawaida katika mazungumzo ya wanaume, kusema tu kwamba fulani “ana tezi” kumezidi kuwa na utata.

Pendekezo langu ni kwamba tezi liachwe liwe jina la kiungo, rovu liwe jina la uvimbe wa kiungo hicho shingoni, na uvimbe libaki kwa hali ambayo mganga bado hajaitambua. Walimu wa sayansi wanaweza kuanza bila kungoja kitabu kipya. Katika matangazo ya zahanati, kwa muda, inafaa yaandikwe yote mawili: “rovu, yaani kuvimba kwa tezi la shingo”. Katika upatanisho, rovu hufuata jipu: rovu hili, marovu haya.