Nani anatangulia kwenye orodha? Marubani, muungano wa kampuni, na wazee wa 1977



Tangu nchi yetu iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mazungumzo hapa Butembo na Beni ni ya mpaka tu: ushuru wa Kasindi, malori, bei ya bidhaa. Ni sawa, siye ni watu wa biashara. Lakini kuna swali ambalo sisi wenye diploma hatuliulizi sana. Kampuni mbili au nchi mbili zikiunganisha kazi zao, nani anakuwa mbele na nani anarudishwa nyuma? Na umoja ukivunjika, nani analipa miaka ya jasho ya mfanyakazi? Leo nataka tulitazame swali hilo kupitia historia ya ndege, maana kwa marubani linaonekana waziwazi.

Tuanze na jambo moja la msingi. Katika kampuni nyingi kubwa za ndege, kila rubani ana namba yake kwenye orodha, kufuatana na tarehe aliyoajiriwa. Namba hiyo njo inaamua karibu kila kitu: nani anakuwa kapteni na nani anabaki msaidizi, nani anarusha ndege kubwa, nani anapata likizo mwezi wa Desemba, na kazi zikipungua, nani anatolewa wa kwanza. Ukihamia kampuni nyingine, hata kama una miaka 20 ya kuruka, mara nyingi unaanza tena mkiani. Kwa hiyo namba ile ni mali ya rubani, kama shamba lilivyo mali ya mkulima wa Lubero. Sasa fikiria kampuni mbili zinaungana, kila moja na orodha yake. Nani awekwe wapi?

Mfano unaosomwa sana ni wa Marekani. Mwaka 2005 US Airways, kampuni ya zamani iliyokuwa imefilisika mara mbili, iliungana na America West, iliyokuwa changa zaidi lakini yenye nafuu. Marubani wa US Airways walisema: tupangwe kwa tarehe ya kuajiriwa, sisi ni wakubwa. Wale wa America West wakajibu: kampuni yenu ilikuwa inakufa, ukubwa wenu ungewafikisha wapi bila sisi? Walishindwa kupatana, wakaenda kwa msuluhishi, George Nicolau. Mwaka 2007 akatoa uamuzi: nafasi 517 za juu ziende kwa marubani wa US Airways wa ndege kubwa, wengine wachanganywe kulingana na nafasi ya kila mmoja katika kampuni yake ya zamani. Matokeo yake, rubani mwenye zaidi ya miaka 16 kazini alijikuta jirani na kijana aliyeajiriwa miezi michache tu kabla ya muungano.

Hasira ilikuwa kubwa. Marubani wa US Airways walikuwa wengi zaidi, basi mwaka 2008 walipiga kura, wakakiondoa chama chao cha miaka mingi na kuunda kipya cha kuupinga uamuzi ule. Kesi zikafuata, mwaka baada ya mwaka. Mkataba mmoja wa kazi ukakosekana, na makundi mawili yakaendelea kuruka chini ya jina moja bila kuchanganyika. Mpaka kampuni ilipoungana na American Airlines mwisho wa 2013, ugomvi ulikuwa bado haujaisha. Orodha moja ya wote ilipatikana mwaka 2016. Miaka 11! Mwajiri hakuhitaji kuwagawanya, walijigawanya wenyewe.

Sasa turudi nyumbani. Afrika Mashariki ilikuwa na ndege ya pamoja zamani sana, East African Airways, iliyoanzishwa 1946 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ilianza na ndege ndogo, kisha ikafika kuwa na Comet na Super VC10 zilizokwenda hadi Ulaya. Jumuiya ilipoundwa kwa mkataba wa 1967, mashirika ya pamoja yaligawanyiwa makao: bandari Dar es Salaam, posta Kampala, reli na ndege Nairobi. Mgawanyo huo ulitaka kutuliza malalamiko ya Tanzania na Uganda kwamba kazi na faida nyingi zinabaki Kenya.

Haukutosha. Baada ya Idi Amin kuchukua utawala mwaka 1971, Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na viongozi watatu hawakukutana tena kuamua mambo ya Jumuiya. Madeni ya mashirika yakawa ugomvi wa nani hajalipa sehemu yake. Mwanzoni mwa 1977 ndege za East African Airways zilisimama. Kenya ikaanzisha Kenya Airways hapohapo, Tanzania nayo ikaunda Air Tanzania. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na ulikaa umefungwa mpaka 1983.

Ndege ni rahisi kugawa: unahesabu, unakata bei. Watu njo wagumu. Kulikuwa na makarani, mafundi wa injini, watu wa reli, wa posta na wa bandari, waliokatwa akiba ya uzee kwa miaka mingi katika shirika la nchi tatu. Shirika limekufa, akiba iko wapi? Ilibidi msuluhishi Mswisi, Victor Umbricht, afanye kazi ya miaka kadhaa mpaka mapatano yakasainiwa mwaka 1984: kila nchi ilipe pensheni za raia wake. Kwenye karatasi ni rahisi. Lakini Tanzania wastaafu wa Jumuiya ya zamani walikwenda mahakamani, na mwaka 2005 serikali ikakubaliana nao kulipa. Hata baada ya hapo malalamiko hayakuisha, wazee wakafika hadi kufunga barabara Dar es Salaam. Hesabu mwenyewe, kutoka 1977 mpaka 2005 ni miaka 28. Mtu aliyekuwa na miaka 45 alishafika 73, kama alikuwa bado hai.

Eti hayo ni ya zamani? Machi 2019 wafanyakazi waligoma katika uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Pendekezo lilikuwa Kenya Airways, iliyokuwa na hasara, ichukue uendeshaji wa uwanja huo. Chama cha wafanyakazi wa anga kikahofia ajira za watu wake. Polisi walitumia mabomu ya machozi, safari zikavurugika, kiongozi wa chama akakamatwa. Kisha Novemba 2022 ilikuwa zamu ya marubani wa Kenya Airways. Walisimamisha kazi siku kadhaa, na moja ya madai yao ilikuwa michango ya mfuko wa uzee iliyokuwa imesimamishwa. Mahakama ikawaamuru warudi kazini. Angalieni vizuri: rubani anayelipwa vizuri na karani wa 1977 wanalilia kitu kilekile, akiba ya uzee.

Siye huku tunahusikaje? Air Congo ilizaliwa 1961, ikawa Air Zaïre 1971, ikafilisika 1995. Zimefuata nyingine, na mwisho wa 2024 Air Congo mpya ilianza kuruka, Serikali ikiwa na asilimia 51 na Ethiopian Airlines 49. Kila jina jipya linapozaliwa tunashangilia rangi za ndege, ila wachache wanauliza wa zamani wamehesabiwa namna gani.

Na soko la pamoja la Jumuiya linasema mfanyakazi anaweza kuvuka mpaka kutafuta kazi. Kesho mwenzetu aliyesoma Graben atafanya kazi Kampala au Mombasa, na benki au hospitali ya huku itaunganishwa na ya nje. Maoni yangu ni haya: tusiogope kuungana. Kwa mji unaoishi kwa njia ya Kasindi na Mpondwe, kujifungia ni kujinyima chakula. Lakini kabla ya kusaini, ulizeni mambo matatu. Miaka niliyokwisha kufanya itahesabiwa vipi? Akiba yangu inawekwa wapi, kwa jina la nani? Tukikosana, nani anaamua, na je, sote tumekubali mapema kuuheshimu uamuzi wake? Marubani wa Marekani walikuwa na jibu la nusu tu la swali la tatu, wakapoteza miaka 11. Wazee wa Jumuiya hawakuwa na jibu la la pili.

Kama kwenu kuna mzee aliyefanya kazi upande wa Uganda au Kenya kabla ya 1977, muulizeni alilipwa nini baada ya pale, kisha mtuandikie hapa chini. Historia hiyo iko vichwani mwao, na wanazidi kupungua.