Mizani, daftari na blokicheni: mtihani huu Mwanza tulishaufanya

Wiki hii hatuna test wala presentesheni, kwa hiyo leo nataka tuongee historia. Sio ile ya Vasco da Gama tuliyokariri Form Two. Ni historia ya hapa hapa kwetu, ya hela na ya nani anaandika hesabu za hela.

Nianzie mwaka 2021. Tarehe 13 Juni mwaka ule Rais Samia alikuja Mwanza kuzindua jengo la tawi la Benki Kuu. Katika hotuba yake akaitaka Benki Kuu ianze kujiandaa na mambo ya sarafu za mtandaoni na blokicheni. Basi habari ikaruka dunia nzima. Watu wa kripto huko Ulaya na Marekani wakashangilia kana kwamba Tanzania imeshahamia Bitcoin. Wapi! Tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019, lililosema fedha halali ya nchi ni shilingi tu, lilikuwa bado lipo palepale.

Mimi kilichonigusa ni mahali hotuba ilipotolewa. Mwanza! Maana swali lililo nyuma ya blokicheni, yaani daftari liwe mikononi mwa nani ili mnyonge asipunjwe, huku ziwani liliulizwa miaka zaidi ya sabini iliyopita. Na lilijibiwa na wakulima wa pamba.

Turudi nyuma kidogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili pamba ndiyo ilikuwa mshahara wa Usukuma. Mkulima analima, anavuna, anabeba mzigo mpaka gulioni kwa mnunuzi. Wanunuzi na wenye jineri, yaani viwanda vya kuchambua pamba, wengi walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Bei ilipangwa na serikali, kwa hiyo kwenye bei hakukuwa na ujanja mkubwa. Ujanja ulikuwa kwenye MIZANI. Malalamiko yalikuwa kila kona: mzani umechezewa, ratili zimeliwa, karani kaandika pungufu. Na we mkulima utabisha vipi wakati namba za mzani huzijui, na kikaratasi ulichopewa hukisomi?

Kwa nini walikuwa hawasomi? Hapa sisi wa Elimu tunahusika moja kwa moja. Mnakumbuka Tume ya Phelps-Stokes kwenye kozi ya historia ya elimu? Ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast (Ghana ya leo), aliyesoma Livingstone College kule North Carolina, chuo cha Wamarekani Weusi. Tume ile ilipenda sana mfano wa vyuo vya Weusi vya Hampton na Tuskegee: fundisha kilimo, usafi, ufundi wa mikono, mambo ya kijijini. Waingereza wakaipokea kwa mikono miwili. Sisemi kilimo ni kibaya, baba zetu wametusomesha kwa jembe. Lakini tazama kilichotokea: mkulima kafundishwa kupanda pamba kwa mistari, hajafundishwa kusoma mzani unaopima pamba hiyo hiyo. Elimu ikaishia shambani, na hela ikaanza pale elimu ilipoishia.

Sasa wakulima walifanya nini? Hawakusubiri mtaala mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaanza kuweka watu wao, wanaojua kusoma namba, wapime pamba upya kwa ajili ya mkulima. Ukienda kwa mnunuzi tayari unajua mzigo wako una uzito gani. Akisema pungufu, unamwambia hapana. Jambo dogo kabisa, lakini ndilo lililogeuza mambo. Nguvu haikuwa kwenye chuma cha mzani, maana mzani hata mnunuzi alikuwa nao. Nguvu ilikuwa kwa mtu anayeusoma na ambaye yuko upande wako.

Hapo ndipo anaingia Paul Bomani. Kijana tu, kazaliwa 1925. Alikuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, kisha akawa kinara wa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Halafu akaenda Uingereza, chuo cha Loughborough, kusomea ushirika. Wakati Waafrika wachache waliopata nafasi ya ng'ambo wengi wanawaza ualimu au udaktari, huyu akaenda kusoma namna ya kuendesha vitabu vya chama! Mwaka 1955 ukazaliwa Victoria Federation of Cooperative Unions, wenyewe wakiuita VFCU. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 pamba karibu yote ya Kanda ya Ziwa ilipita kwenye ushirika, chama kikawa na jineri zake, na kikatajwa kati ya vyama vikubwa vya ushirika Afrika nzima. Kumbukeni pia kuwa kuanzia 1954 mpaka 1958 TANU ilizuiwa kufanya kazi Usukumani. Chama cha siasa kimefungiwa, lakini ushirika unakutana, unapiga kura, unasoma mapato na matumizi mbele ya wanachama. Bomani mwenyewe mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Kutoka mizani ya gulioni mpaka hazina ya taifa, mtu wangu!

Elimu nayo ikafuata. Mwaka 1960 Mapadre Weupe wakaanzisha Nyegezi Social Training Centre. Kilikuja kufundisha uhasibu, uandishi wa habari, uongozi wa jamii. Ndicho kilichokua mpaka mwaka 1998 maaskofu wakakifanya SAUT, hapa hapa tunapogombania viti vya mbele lekcha ikianza. Mwaka 1963 Moshi wakapata Chuo cha Ushirika, ambacho tangu 2014 ni chuo kikuu. Kwa hiyo tukiulizana kama chuo chetu kina sababu yoyote ya kufundisha mambo ya teknolojia ya fedha, jibu liko kwenye cheti chake cha kuzaliwa.

Lakini jamani tusidanganyane, hadithi haikuishia pazuri. VFCU ulikua haraka kuliko idadi ya watu wanaoweza kusoma vitabu vyake. Makarani wakawa wachache wanaojua na wanachama wengi wasiojua. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati ya kuchunguza ushirika nchi nzima, na yaliyoibuka yalikuwa wizi, hesabu mbovu, na wanachama wasiojua chama chao kinaendeshwaje. Serikali ikaingia kuusimamia ule wa huku, na baadaye ukawa Nyanza Cooperative Union. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa kabisa nchini, pamba ikapelekwa kwa mamlaka ya serikali. Viliporudishwa miaka ya 1980, ile imani ya zamani haikurudi navyo. Muulize mzee yeyote wa Magu au Kwimba habari za ushirika, utamwona anavyocheka kwa uchungu.

Daftari lilikuwa letu, ndiyo. Ila kumiliki daftari usilolisoma ni kama kumiliki la mwenzio.

Kuna watu wengine waliopita njia hiyo hiyo, na ndio walionifanya niandike haya. Ni wale wale Wamarekani Weusi wa vyuo nilivyovitaja. Mwaka 1865, utumwa unaisha, waliundiwa benki yao ya akiba, Freedman's Savings Bank. Wakaweka vijisenti vyao kwa imani. Wenye benki wakakopesha hela ovyo, mtikisiko wa uchumi wa 1873 ukaja, na 1874 benki ikafungwa. Waweka akiba kama 61,000 wakabaki wanadai karibu dola milioni 3. Frederick Douglass mwenyewe alikuwa ameletwa kuwa rais wa benki miezi michache kabla haijafa, akakuta nyumba imeshaoza. Watu wale walikuwa na vitabu vya akiba mkononi, tena vizuri vya kuvutia. Vitabu vya benki yenyewe, vinavyoonyesha hela imekwenda wapi, hawakuwahi kuviona.

Leo vyuo vyao, viko kama 100 hivi, vimeamua somo hilo lisiwapite tena. Morgan State, chuo cha mwaka 1867 kilichopo Baltimore, kina kituo cha utafiti wa blokicheni na teknolojia ya fedha. Kampuni ya Ripple ni miongoni mwa waliokifadhili, na kituo kinasaidia wahadhiri wa vyuo vingine vya Weusi kufanya utafiti na kuingiza masomo haya kwenye mitaala. Ona mabadiliko: vyuo vya jadi ile ile iliyokuwa mfano wa "wafundishe kilimo tu" sasa vinafundisha daftari. Bila shaka tuulize kampuni inayouza teknolojia ikilipia utafiti wake inatafuta nini. Ila wameingia darasani, hawakukaa nje.

Sasa blokicheni yenyewe ni kitu gani? Mnajua sanduku la kikoba, lile la kufuli tatu? Funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na hesabu inasomwa kwa sauti mbele ya wote, kila mmoja anakumbuka. Kumwibia mtu mmoja rahisi, kuidanganya kumbukumbu ya kikundi kizima ni ngumu. Blokicheni ni wazo la jamii hiyo kwa kompyuta: daftari moja lenye nakala nyingi, na kila ukurasa umefungwa kihesabu kwenye ukurasa uliotangulia, ukifuta mstari mmoja nakala nyingine zinakuumbua. Wazo la Bitcoin liliandikwa 2008 na mtu anayejiita Satoshi Nakamoto, likaanza kazi 2009.

Kitu kizuri. Lakini turudi gulioni. Blokicheni inalinda kilichoandikwa, haijui kama kilichoandikwa ni kweli. Mzani ukidanganya, daftari litautunza ule uongo milele. Yule kijana aliyesimama karibu na mzani kwa niaba ya mkulima bado anahitajika.

Na hali yetu ndiyo hii. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, kwetu Aprili 2008, na leo muuza dagaa wa Kirumba anatuma hela bila kukanyaga benki. Tumejifunza KUTUMIA haraka sana. Kuelewa je? Kipindi hicho hicho, 2007 mpaka serikali ilipoisimamisha 2009, DECI ilikuwa inawaambia watu wapande mbegu wavune mara dufu, na maelfu wakapanda. Viongozi wake walitiwa hatiani 2013. Siku hizi mbegu zile zile zimevaa suti ya kripto, zinaingia kwenye magrupu ya WhatsApp siku mbili baada ya bumu kutoka. Hakuna anayekuonyesha daftari, unaonyeshwa skrinishoti tu. Na mwaka 2024 sheria ya fedha iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mauzo ya mali za kidijitali. Yaani kodi imeshafika, darasa bado.

Wenzangu wa Elimu, hapa sio pa kuwaachia watu wa IT na wahasibu. Mtaala mpya wa sekondari umeleta somo la Biashara, na wengi wetu tutasimama kulifundisha Sengerema, Ukerewe, Geita, tupende tusipende. Ukiwa pale usianze na Bitcoin. Anza na risiti ya wakala wa simu. Mpe mwanafunzi ataje makato, ataje nani ana nakala, ataje atadai wapi ikikosewa. Halafu mwambie habari za mizani ya pamba. Mtoto akishajua kuuliza "nani kapima, na nani kaandika?", mletee blokicheni, ataielewa kuliko hao wanaotuuzia.

Wazee wetu hawakuwa na digrii wala kompyuta, walikuwa na mtu mmoja anayesoma namba. Sisi tuko maelfu hapa Malimbe.

Nawasilisha. Kubisha ruksa, kutukana hapana.