Randy na Wapagazi Wasio na Majina

Mnamo mwezi wa Agosti, mwaka 1889, msafara wa H. M. Stanley, uliokuwa ukimleta Emin Pasha pwani, ulifika Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, katika pande zilizo jirani na Geita ya leo. Hapo palikuwa na misheni ya Mackay, na wasafiri wakapumzika. Miongoni mwa waliokosekana alikuwamo mbwa mdogo wa jamii ya teria, jina lake Randy. Habari zake ni fupi, lakini zatufunza mambo mawili: tabia ya mnyama huyu, na tabia ya wale wanaoandika historia.

Jina la teria asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya ardhi. Waingereza walimzalisha ili aingie mashimoni kuwatoa mbweha na wanyama wengine waharibifu. Basi kazi ndiyo iliyomfinyanga: mwili mdogo upenyao penye wembamba, sauti kali, na moyo usiorudi nyuma mbele ya adui amzidiye nguvu. Tena mbwa aliye peke yake chini ya ardhi hawezi kungoja amri ya bwana wake. Hana budi kuamua mwenyewe. Ndiyo maana wasiomfahamu humwita mkaidi.

Randy alidhihirisha tabia hiyo mwaka 1887 katika msitu wa Ituri, watu walipokuwa wakifa kwa njaa. Alimrukia kanga akamkamata, na wenye njaa wakapata kitoweo. Mwezi wa Juni 1888, Stanley alipokuwa akirudi magharibi kuwatafuta watu wake wa nyuma, alimwacha mbwa katika boma la Bodo kwa maofisa wake, ili kumwepusha na taabu ya safari ndefu. Randy akakataa chakula, na siku ya tatu akafa. Stanley aliandika kwamba alikufa kwa moyo uliovunjika. Huo ni ushahidi wa bwana mwenyewe, na yafaa tuupokee kwa hadhari, kwa kuwa maradhi nayo humwondolea mbwa hamu ya kula. Hata hivyo, wafugaji wa teria wajua kwamba mbwa huyu hupata dhiki akitengwa na mwenziwe na kunyimwa shughuli. Kumpumzisha tu si kumtunza.

Katika nchi ya Geita na Shinyanga utunzaji wahitaji zaidi ya hayo. Nchi hii ilisumbuliwa sana na mbung'o, hata utafiti wa mdudu huyo katika Tanganyika ukafanya makao yake Shinyanga chini ya Swynnerton, aliyefariki mwaka 1938. Nagana humwua mbwa: homa humpanda, hukonda, na mara nyingine macho yake hufunga ukungu. Kupe nao huleta homa yao. Kwa hiyo afugaye teria humpekua manyoya kila siku, hasa masikioni na kati ya vidole. Humchanja dhidi ya kichaa cha mbwa. Na penye mashimo ya wachimba dhahabu humfunga kamba, kwa sababu mnyama aliyeumbiwa kuingia mashimoni hajui shimo lipi halina njia ya kutokea.

Lakini liko jambo zito kuliko hilo. Wapagazi zaidi ya 600 waliandikwa Unguja kwa msafara ule, na waliorejea hawakufika nusu. Kitabu cha Stanley cha mwaka 1890 kimewataja baadhi yao kwa majina. Wengi wamebaki hesabu tu. Mbwa alipewa jina, sifa na sababu ya kifo. Mtu aliyebeba mzigo hata akaanguka njiani alipewa tarakimu. Wasukuma na Wanyamwezi, waliokuwa mabingwa wa upagazi katika karne ya 19, wanazo sababu za kulikumbuka jambo hili.

Hatumwonei Randy wivu kwa mistari aliyopata, kwani alistahili. Twasema tu kwamba jicho lililoweza kuona huzuni ya mbwa lilikuwa na uwezo wa kuona na huzuni ya mpagazi. Ni wajibu wa mwanafunzi wa historia, kila aonapo hesabu ya watu, kuuliza majina yao yalikuwa nani.